Tumbo Nalo ni Amana

Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, wa kiume na wa kike, leo nataka tuusiane juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja: tumbo. Tumbo linalowaka, linalojaa gesi, linalofunga choo, linalohara. Tunazungumza juu ya swala, ndoa na mitihani, lakini tumbo tunalinyamazia. Mimi si daktari wala sisomei udaktari. Nazungumza kama mtu aliyekosea, na kosa langu nusura limuue ndugu yangu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1446, yaani Machi 2025. Tulikuwa vijana watano tuliopanga vyumba vya nyuma katika nyumba moja ya Kigobe, si mbali na jumba la Bunge. Uani tulitandika mikeka, tukawa tunaswali tarawehe pale pamoja na majirani Waislamu wachache. Kwa kuwa nimehifadhi juzuu kadhaa, nilitangulizwa kuwa imamu, na baada ya swala nikawa natoa mawaidha mafupi. Wenzangu wakaanza kuniita "sheikh" kwa utani. Utani ukawa mazoea, na mazoea yakanifanya nami niamini kwamba nina jibu la kila swali.

Mmoja wetu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akiumwa tumbo tangu kabla ya mwezi kuandama. Siku moja alinijia baada ya alasiri, ameshika hapa chini ya kifua. Akaniambia, "Akhi, hapa panawaka moto. Usiku silali. Je, naruhusiwa kula, nije nilipe baadaye?"

Sikumuuliza maumivu yameanza lini. Sikumuuliza anatumia dawa gani. Nilimjibu papo hapo: "Vumilia, akhi. Sote tuna njaa. Mchana wa kwetu ni mfupi, kuna miaka wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hufunga saa 18. Hayo ya vidonda vya tumbo ni visingizio vya shetani."

Akanyamaza, akaendelea kufunga. Aliniamini.

Nisiloulizia ni hili: kwa wiki kadhaa alikuwa akinunua diklofenaki katika duka la dawa, bila cheti cha daktari, kwa ajili ya kuumwa kichwa. Akimeza vidonge viwili wakati wa daku, na daku yenyewe ilikuwa kikombe cha chai. Na kwa siku tatu choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Aliona aibu kusema.

Usiku wa tatu baada ya mazungumzo yetu, katikati ya tarawehe, nilisikia kishindo nyuma yangu. Alikuwa ameanguka safuni. Jasho baridi lilimtoka, midomo imepauka, akatapika kitu cheusi mfano wa machicha ya kahawa. Mnakumbuka hali ya mafuta ilivyokuwa mjini kwetu, teksi hatukuipata. Jirani yetu, Mkristo, alikuwa amepanga foleni siku mbili kupata lita chache za petroli za kumpeleka kazini. Alitoa gari bila kuuliza swali.

Hospitalini aliongezwa damu. Walipomwingiza kamera ya tumbo, walikuta kidonda kinachovuja damu mwanzoni mwa utumbo mdogo. Asubuhi daktari alitukuta tumekaa kwenye benchi. Akauliza, "Nani alimshauri aendelee kufunga katika hali hii?"

Ndugu zangu, nilitazama chini. Sikuweza kujibu.

Waliomuua bila kisu

Nilipokuwa pale kwenye benchi, ilinijia hadithi ambayo niliwahi kuisoma, na nikaipita bila kuizingatia. Ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, akajeruhiwa kichwani. Kisha akaota ndoto iliyomwajibisha kuoga. Akawauliza wenzake kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maana maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana. Alisema kwamba wao ndio waliomuua, akahoji kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa masahaba, na walitaka mwenzao afuate dini sawasawa. Lakini walitoa fatwa juu ya jeraha wasilolijua, na Mtume hakuwahesabia nia njema kuwa udhuru. Yule alikuwa na jeraha la kichwa ambalo kila mtu aliliona. Huyu wangu alikuwa na jeraha ndani ya tumbo, nami nikalikana kwa sababu silioni.

Basi tangu siku ile nilianza kuuliza. Niliwauliza wenzetu wanaosoma udaktari Kamenge, nikamuuliza daktari aliyemtibu, nikawauliza masheikh. Nitakayowaambia hapa ni majibu niliyopewa.

Si njaa, si pilipili

La kwanza nililojifunza ni kwamba karibu kila tunachosema mitaani juu ya vidonda vya tumbo kina kasoro. Tunasema vinaletwa na njaa, na mawazo, na pilipili. Hata madaktari waliamini hivyo zamani. Kisha madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakagundua bakteria anayeishi katika ukuta wa tumbo, aitwaye Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Asidi ya tumbo ni kali sana, lakini Allah amelifunika tumbo kwa utando wa ute unaolikinga. Bakteria huyu huudhoofisha utando huo, na asidi ikapata njia ya kuchoma nyama iliyo chini yake. Wengi humpata tangu utotoni, ndani ya familia, kwa mikono, chakula na maji yasiyo safi. Katika nchi zetu za Afrika ni jambo la kawaida sana kuwa naye, na wengi walio naye hawaumwi kabisa. Lakini baadhi hupata vidonda.

Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyohiyo ndiyo inayousaidia ukuta wa tumbo kujikinga. Anayezimeza kila siku kwa wiki nyingi bila ushauri analivua tumbo lake ngao. Mwenye bakteria na dawa kwa pamoja, kama ndugu yangu, hatari yake ni kubwa zaidi. Ukiumwa kichwa, parasetamoli kwa kipimo chake haina madhara hayo kwa tumbo. Na kichwa cha Ramadhani mara nyingi chanzo chake ni kukosa maji, au kukosa kahawa na chai tulizozizoea. Punguza kahawa kidogo kidogo wiki mbili kabla ya mwezi, na uongeze maji usiku.

Njaa basi haileti kidonda. Lakini kidonda kikishakuwepo, tumbo tupu huweza kukizidisha maumivu, na ndiyo maana watu wakadhani njaa ndiyo mama yake. Tofauti hii ni muhimu kwa Muislamu. Mtu mwenye afya asiogope kwamba saumu itamtoboa tumbo. Na mgonjwa asiambiwe kwamba imani ingekuwa na nguvu asingeumwa.

Na habari njema ni kwamba ugonjwa huu una tiba. Kuna kipimo cha choo na kipimo cha pumzi cha kumtambua bakteria huyo. Kipimo cha damu kina upungufu, maana kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha pita. Akipatikana, daktari hutoa dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki zaidi ya moja, mara nyingi kwa siku 14. Sharti lake ni kuzimaliza zote. Wengi wetu tukipata nafuu siku ya tano tunaziacha, na bakteria anabaki akiwa sugu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na katika hadithi ya Usama bin Sharik amefundisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Mtu atasema: na asali je? Asali ina baraka, na Mtume alimwelekeza mtu ampe nduguye aliyeumwa tumbo. Itumie. Lakini usiifanye asali kuwa sababu ya kukataa kipimo. Yule sahaba alikwenda kuuliza, akarudi, akauliza tena, mpaka nduguye akapona. Nasi tujifunze kurudi na kuuliza.

Ruhusa ni ya Allah, si yako wala yangu

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amempa mgonjwa nafasi ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Ruhusa hiyo ameiteremsha yeye aliyefaradhisha saumu. Mimi nilipomnyima ndugu yangu, nilimnyima kitu kisichokuwa changu.

Wanachuoni wamepambanua hali za mgonjwa. Kuna maradhi madogo ambayo saumu haiyadhuru, kama mafua mepesi, huyu afunge. Kuna ambaye saumu inamtaabisha sana au inachelewesha kupona kwake. Huyu ana ruhusa, na kuichukua ndiko bora. Na kuna ambaye saumu itamdhuru. Huyu haifai kwake kufunga, kwa sababu Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Neno la daktari mwaminifu na mjuzi latosha kuwa hoja, na vilevile uzoefu wa mtu mwenyewe na mwili wake. Ukipona, unalipa siku zako. Mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku.

Nawaambia pia upande wa pili. Wapo wanaosema "nina vidonda" bila kupimwa hata siku moja, na kila Ramadhani wanakula. Akhi, ukhti, nenda ukapime. Huenda huna kidonda, una kiungulia tu kinachotibika kwa kubadili mazoea. Huenda unacho, na ukitibiwa sasa utafunga Ramadhani ijayo kwa raha. Sisi wa hapa karibu na Ikweta hufunga kama saa 13 kila mwaka, mwezi uangukie Machi au Septemba. Usijinyime neema hii kwa ugonjwa wa kudhania.

Mengine ya tumbo

Kiungulia ni asidi kupanda kooni. Kwetu wanafunzi hukizidisha mambo mawili: kufuturu kwa pupa na kulala mara baada ya daku. Tunakula sambusa, chapati na maharage kwa robo saa, kisha tunashangaa kifua kinawaka katika rakaa ya pili. Allah katika Suratul A'raf, aya ya 31, ametuhalalishia kula na kunywa, akatukataza kupindukia. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Miqdam bin Ma'dikarib, ametufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo, na kama hana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Futuru kwa tende na maji, swali magharibi, kisha kula kwa utulivu. Baada ya mlo mkubwa subiri saa mbili au tatu kabla ya kulala, na ukilala inua upande wa kichwani.

Kufunga choo kunatokana mara nyingi na uchache wa maji, uchache wa mboga na matunda, kukaa kutwa nzima, na kuzuia haja. Isombe, maharage, mapapai na maembe tunavyo, na bei yake si ya kututisha kuliko ya soda. Na usizuie haja kwa ajili ya kuwahi jamaa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), Mtume amekataza kuswali huku mtu akisukumwa na haja kubwa au ndogo. Dini yetu imekupa haki ya kwenda chooni kwanza.

Gesi na tumbo la wasiwasi. Wapo ambao tumbo huwachafuka kila mitihani ikikaribia: linauma, linajaa, mara linahara, mara linafunga, na vipimo vyote ni safi. Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na hofu ya kichwani husikika tumboni. Maumivu hayo ni ya kweli, mwenzako hajifanyi. Chunguza chakula kinachokusumbua, lala vya kutosha, tembea, na kama hofu imekuelemea zungumza na mtu. Na kwa anayeteswa na shaka ya udhu: Mtume amefundisha kwamba mtu asitoke katika swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Shaka peke yake haivunji udhu. Na ambaye gesi zinamtoka mfululizo asiweze kuzizuia, wanachuoni wamemruhusu atawadhe kwa kila swala baada ya wakati wake kuingia, kisha aswali wala asijali.

Kuhara: kunywa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya pakiti, kidogo kidogo na mara kwa mara. Kukiwa na kuhara maji matupu kwa wingi, usingoje; mjini kwetu kipindupindu tunakijua. Nawa mikono kwa sabuni. Sisi tunaotawadha mara tano tusiwe wa mwisho kuielewa sabuni.

Sasa zishikeni dalili hizi, na mzifundishe nyumbani: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu na weupe wa midomo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi, lakini hilo aliamue daktari. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri futari wala kikao cha darasa.

Tuulizane

Ndugu zangu, haya ndiyo yaliyomfanya mwenzangu afiche choo cheusi kwa siku tatu. Aliogopa kuonekana dhaifu wa imani. Na akina dada wana hofu iliyozidi hapo: anayetapika asubuhi anaogopa wenzake watamdhania jambo jingine. Allah katika Suratul Hujurat ametuonya na dhana mbaya. Tukimwona ndugu anakula mchana wa Ramadhani, tumwachie Mola wake. Tukimwona anaumwa, tumuulize kwa upole, kisha tumsindikize.

Nanyi mnaotangulizwa kuswalisha, mnaoitwa "sheikh" kwa utani au kwa kweli: neno "sijui, twende tukaulize" halikupunguzii heshima. Mimi ningelisema jioni ile, ndugu yangu asingehitaji damu ya watu wengine.

Alipona, alhamdulillah. Alikunywa dawa zake mpaka mwisho, akapimwa tena, bakteria hakuonekana. Siku alizokula alizilipa zote kwa ruhusa ya daktari. Nilikwenda kumwomba radhi akiwa bado kitandani, akaniambia, "Akhi, nimekusamehe. Lakini siku nyingine niulize kwanza." Nyumbani kwetu Kigobe sasa, usiku wa kuamkia Ramadhani, kabla ya kupanga zamu za kupika daku, tunakaa mkekani na kila mmoja anaulizwa: afya yako vipi, na unatumia dawa gani? Nawausia kila nyumba ya wanafunzi ifanye hivyo.

Ewe Mola wetu, tuponyee wagonjwa wetu, na utupe afya ya kukuabudu. Tujaalie kuuliza tusilolijua, na kuzikubali ruhusa zako kama tunavyozikubali amri zako. Mlipe kheri jirani aliyetusaidia usiku ule, na umwongoze yeye na sisi. Utusamehe tuliyoyasema bila elimu. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.